Kioo cha Pikipiki: Kabla Hujatoa Pesa, Jua Upepo Unakupiga Wapi

Ingia duka lolote la spea za pikipiki, pale Kariakoo au Kirinyaga Road, ulalamike kwamba upepo unakusumbua barabarani. Jibu utakalopewa karibu kila mara ni lile lile: chukua kioo cha mbele kikubwa zaidi. Muuzaji hana nia mbaya, anauza alichonacho. Lakini wapo wanaokifunga kile kioo kikubwa, wakatoka nacho hadi Kibaha, na kufika huko wakagundua kwamba kelele imeongezeka na kichwa kinatikiswa kuliko siku walipokuwa hawana kioo kabisa.

Hilo si bahati mbaya, lina sababu yake, na ukishaielewa utaokoa pesa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa waendeshaji wengi, kioo kipya ndicho kitu cha mwisho kulipiwa. Kuna mambo manne au matano ya kufanya kabla yake, mengine hayagharimu hata senti.

Tuanze na upepo wenyewe. Pikipiki inapokwenda kasi, hewa inakufikia kwa namna mbili. Kuna upepo msafi, unaokuja umenyooka kutoka mbele bila kugonga kitu. Huo unasukuma kifua, unachosha mikono na shingo ukienda nao muda mrefu, lakini sauti yake ni mvumo mmoja usiobadilika. Halafu kuna upepo mchafu. Huu umekwisha kugonga taa, saiti mira au ukingo wa kioo, ukavunjika vipande na kuwa visulisuli vidogo vidogo visivyo na mpangilio. Vinaipiga helmeti kulia, kushoto, kulia tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ndiyo ile hali ya macho kucheza mpaka namba ya gari lililo mbele yako haisomeki, na shingo inauma ukishuka ingawa hukubeba mzigo wowote.

Kioo hakiuondoi upepo. Kinauhamisha tu. Nyuma ya kioo hubaki nafasi yenye mgandamizo mdogo wa hewa, na hewa inayoruka juu ya ukingo huvutwa kushuka ili kuijaza nafasi hiyo. Kila kitu kinategemea inashukia wapi. Ikikupita juu ya kichwa, utakaa kwenye utulivu. Ikikugonga kifuani, utausikia msukumo, lakini helmeti itabaki kwenye upepo msafi. Ikishukia usoni, hapo ndipo balaa. Mtu mwenye kiwiliwili kirefu na mwenzake mfupi wanaweza kupanda pikipiki moja, kioo kile kile, mmoja akakisifu na mwingine akakilaani, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Kwa hiyo usinunue kioo kwa sababu rafiki yako amekipenda, isipokuwa awe wa kimo chako na anaendesha pikipiki kama yako.

Mwendo nao una neno lake. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya upepo inakuwa mara nne, na kelele hupanda kwa haraka zaidi ya hapo. Ndiyo maana dereva wa bodaboda anayezunguka Sinza na Mwenge, mahali ambapo sheria inamtaka asizidi kilomita 50 kwa saa, hana sababu kubwa ya kuhangaika na ukingo wa kioo. Anayekwenda Morogoro, kilomita kama 190 kutoka Dar es Salaam, kwa mwendo wa 80 na zaidi, huyo anayo.

Na kelele si suala la kero peke yake. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, inaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa nane. Kila zikiongezeka desibeli tatu, muda salama unapungua kwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, na ukifika 100 umebaki na dakika 15. Ndani ya helmeti, kwenye mwendo wa barabara kuu, kuvuka desibeli 90 ni jambo la kawaida, na kufika karibu na 100 si ajabu. Sauti ile inayobaki ikilia masikioni usiku baada ya safari ndefu ni dalili kwamba masikio yameumizwa. Yakizoea kuumizwa, hayarudi yalivyokuwa.

Sasa tuje kwenye majaribio, ambayo ni ya bure. Tafuta barabara iliyonyooka, yenye magari machache, mchana, siku isiyo na upepo wa pembeni. Nenda kwa mwendo ule unaokusumbua. Inuka kidogo, usimame juu ya vikanyagio, mpaka kichwa kitoke kabisa juu ya mkondo wa kioo. Sikiliza. Kisha kaa, halafu inama taratibu mpaka macho yawe chini ya ukingo wa kioo. Sikiliza tena. Kama kelele na mtikisiko vilipungua uliposimama, kioo chako ndicho kinachouchafua upepo na kuuleta usoni, na dawa yake huenda ikawa kukishusha, kukilaza au kukitoa. Kama vilipungua ulipoinama tu, unahitaji ukingo upande kidogo, au upepo ulengwe juu zaidi. Na kama havikupungua popote, usipoteze muda na kioo. Tatizo ni helmeti.

Anayetaka kuona kwa macho achukue nyuzi za sufu zenye urefu wa kidole, azibandike kwa selotepu kwenye ukingo wa kioo, kwenye saiti mira, na kwenye paji na mashavu ya helmeti. Rafiki akae abiria kwenye gari linalokwenda sambamba, dereva wake akiwa mtu mwingine, na apige video kwa simu. Uzi uliolala ukaelekea nyuma unaonyesha upepo msafi. Uzi unaochezacheza, au unaosimama na kuelekea mbele, umekuonyesha kisulisuli kilipo. Wahandisi hutumia mbinu hii hii kwenye ndege na magari. Gharama yake haizidi uzi na selotepu, na itakuambia mengi kuliko maelezo yaliyochapwa kwenye boksi la kioo.

Ukishajua upepo unakupiga wapi, ndipo pesa ianze kutoka, na ianze na ile ndogo.

Ya kwanza ni viziba masikio vya sponji. Wanaotumia mashine viwandani wanavifahamu: unakivingirisha kwa vidole kiwe chembamba, unaliinua sikio kidogo, unakisukuma ndani, unasubiri kivimbe. Pakiti yenye jozi kadhaa ni ya dola chache. Hakuna kioo cha bei yoyote kitakachokupunguzia kelele kama hivi. Wapo wanaoogopa kwamba hawatasikia honi. Lakini hupunguza pia mvumo wa upepo, ambao ndio unaozifunika honi zenyewe, na wengi wakishazoea husema wanazisikia vizuri zaidi ya mwanzo. Hata hivyo hakikisha sheria ya mahali unapoendesha inaruhusu, na mjini kwenye mwendo mdogo huna haja navyo.

Ya pili ni helmeti. Iliyo wazi usoni, au iliyolegea shingoni, itapiga kelele hata ukifunga kioo cha dola 300. Upepo mwingi wa kelele huingia kwa chini, pale shingo inapokutana na helmeti. Ukiweza kutikisa kichwa na helmeti ikabaki nyuma, imekuzidi. Nasema hili nikijua kwamba helmeti nyingi zinazouzwa pembeni mwa barabara zetu hununuliwa ili trafiki asikusimamishe tu. Mwenye shilingi laki moja na nusu ya kuchagua kati ya kioo na helmeti nzuri iliyofunika uso, mimi nitamwambia achukue helmeti bila kufikiri mara mbili. Itampunguzia kelele, na siku ya ajali itakuwa na kazi ambayo kioo hakina.

Ya tatu ni kuchezea kioo ulichonacho. Vioo vingi vimefungwa kwa bolti nne au sita zinazopita kwenye raba. Ukiweka washa chache za ziada kwenye bolti za chini, ukingo wa juu unalala nyuma. Ukiziweka kwenye zile za juu, ukingo unasimama. Digrii chache tu zinatosha kuuhamisha mkondo wa hewa kutoka kwenye pua hadi juu ya helmeti. Na ukiacha uwazi wa sentimita moja au mbili kati ya kioo na plastiki za taa, hewa kidogo hupenya kutokea chini, inajaza ile nafasi yenye mgandamizo mdogo, na mvuto wa upepo kushukia usoni unapungua. Hilo ndilo jambo ambalo watu hawaliamini mpaka walijaribu: kioo chenye uwazi chini mara nyingi kinatuliza kuliko kilichozibwa pande zote.

Ya nne ni kipande cha nyongeza kinachobanwa juu ya kioo cha zamani kwa skrubu mbili, nacho hupandishwa, kushushwa na kulazwa utakavyo. Vile visivyo na jina kutoka China huuzwa mtandaoni kwa dola 15 hadi 40, yaani kama shilingi 40,000 hadi 100,000 za Tanzania, au 2,000 hadi 5,000 za Kenya, kabla ya usafiri na kodi. Vya kampuni zinazojulikana, kama Givi ya Italia, Puig ya Hispania na MRA ya Ujerumani, vinaweza kufika mara mbili au tatu ya hapo. Tofauti iko kwenye vibanio. Cha bei rahisi hulegea baada ya kilomita mia kadhaa za barabara ya vumbi, na siku moja utakiona kwenye saiti mira kikibingirika nyuma yako. Kwa hiyo kifungie kamba nyembamba ya usalama. Kwa mtazamo wangu, hiki ndicho kifaa chenye thamani kubwa kuliko bei yake, kwa sababu kinakuruhusu kukosea na kurekebisha. Kioo kizima ukishakitoboa ni chako, hakirudishwi dukani.

Ndipo tunafika kwenye kioo kipya. Vya kufunga kwenye pikipiki yoyote, vinavyoshikwa kwenye usukani, huanzia dola 10 hadi 30. Vya kampuni, vilivyoundwa kwa ajili ya pikipiki maalumu, ni kati ya dola 100 na 200, vingine zaidi. Juu yake weka usafirishaji, ambao kwa kitu kikubwa na chepesi hutozwa ghali, kisha ushuru na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya. Kioo cha dola 150 kinaweza kukufikia mlangoni kwa bei ambayo ungenunua helmeti nzuri na bado ukabaki na ya mafuta.

Ukiamua kulipa kiasi hicho, nunua kinachorekebishika au kilichoundwa kuuelekeza upepo. MRA wana kioo wanachokiita Vario, chenye ukingo wa juu uliokatwa na kuwekewa bawa linalopanda na kushuka huku hewa ikipita katikati. National Cycle wa Marekani wanatengeneza VStream, ambacho kingo zake za juu zimekunjwa ili kuusukuma upepo nje na juu ya mwendeshaji. Wenye Suzuki V-Strom 650, pikipiki iliyosifika kwa uvumilivu na kulaumiwa kwa makofi ya upepo tangu matoleo yake ya kwanza, wengi waliishia kwenye breketi za MadStad, ambazo hubadilisha urefu, mlalo na ule uwazi wa chini bila kununua kioo kingine. Mafanikio yote matatu yanatokana na jambo moja, nalo si ukubwa, bali kuuelekeza upepo.

Kuhusu urefu, kanuni ni kuona juu ya kioo, si kupitia ndani yake. Ukikaa kama unavyokaa safarini, ukingo uwe usawa wa pua au mdomo. Kioo kilichovuka macho kinapendeza dukani na kutuliza upepo kweli. Lakini usiku, kwenye mvua, plastiki ikiwa na mikwaruzo, taa za semitrela zinazokuja mbele yako hutawanyika kwenye kioo chote na barabara inatoweka. Hakuna utulivu wa masikio unaostahili kubadilishana na hilo.

Malighafi ziko mbili, na wauzaji wetu huziita zote plastiki. Akriliki ni ang'avu, inavumilia jua, haichubuki haraka, ila ikipigwa na jiwe hupasuka na kuacha ncha kali. Polikaboneti ni ngumu kupasuka, lakini inakwaruzika upesi isipokuwa imepakwa tabaka la kinga, na kemikali huitafuna: petroli, dawa za kusafishia vioo vya nyumba zenye amonia, hata ile gundi ya kuzuia bolti kulegea ikichuruzika juu yake huizalishia nyufa ndogo ndogo. Kama unakwenda sana barabara za changarawe nyuma ya malori, chagua polikaboneti yenye tabaka la kinga. Kama ni lami tupu, akriliki nene inatosha. Unene usiwe chini ya milimita 3. Chembamba zaidi ya hapo kitapepea kwenye mwendo wa 80, na kitu kinachopepea nacho kinachafua upepo. Kuosha ni kwa maji mengi kwanza ili mchanga utoke, halafu sabuni laini na kitambaa laini. Mdudu aliyegandia afunikwe na kitambaa kilicholowa dakika chache, asikwanguliwe kwa kucha.

Ufungaji nao una mambo yake. Fundi wa kijiweni asiye na drili hupasha bisibisi moto na kuizamisha kwenye plastiki. Tundu linapatikana kwa sekunde mbili, moshi unafuka, kazi imekwisha. Ukilitazama vizuri utaona ukingo wa tundu umevimba na una nyufa nyembamba kama unywele, na humo ndimo mpasuko utakamoanzia, siku ya kwanza utakapokutana na upepo wa basi. Mwambie atumie drili, taratibu, kipande cha ubao kikiwa nyuma ya kioo. Tundu liwe pana kuliko bolti kwa milimita moja au mbili, kwa sababu plastiki hutanuka juani. Raba iwe pande zote mbili, na bolti ikazwe kwa mkono kisha robo zungusho, basi. Baada ya hapo zungusha usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, huku umeshika klachi na kuachia mafuta. Waya wa eksileta ukibanwa na breketi ya kioo, pikipiki itavuta mafuta yenyewe kwenye kona.

Sasa ndugu zangu wa Boxer na TVS. Injini yenye nguvu farasi kama 12 haina akiba ya kusukuma ubao. Kioo kipana kilichosimama wima kitakupunguzia mwendo wa juu na kukuongezea matumizi ya mafuta, tena kila siku, wakati faida yake ni ya safari chache. Zaidi ya hapo, hivi vioo vya bei nafuu hushikwa kwenye usukani, si kwenye fremu. Upepo ukija wa pembeni, kama ule wa Singida, Makambako au wa vilima vya Ngong vyenye mitambo ya umeme wa upepo, kioo kinakuwa tanga na usukani ndio mlingoti wake. Unapopishana na semitrela, msukumo wa kwanza unaigusa mikono yako moja kwa moja. Ile miavuli mikubwa yenye nailoni mbele, inayoonekana kwa bodaboda wengi wa Kenya, ni afadhali kwa jua na mvua ya mjini. Kwenye barabara kuu nisingepanda pikipiki yenye mwavuli huo, wala nisingempandisha mtu wa nyumbani kwangu.

Kwa bodaboda wa Njombe au Limuru, ambaye shida yake ni baridi ya alfajiri na si kelele, kioo kidogo kinachofunika taa na saa, kikielekeza upepo kifuani badala ya usoni, kinatosha. Kinachobaki kimalizwe na koti zito, glavu nene na helmeti iliyofunika uso. Abiria wa nyuma, tusimsahau, hupata upepo mchafu kuliko dereva, kwa sababu anapokea ule uliokwisha kukugonga wewe. Usipime kioo ukiwa peke yako kama kazi yako ni kubeba watu.

Uamuzi wangu ni huu. Anayezunguka mjini asinunue kioo kwa ajili ya kelele. Anayekwenda mkoani mara moja moja anunue viziba masikio na arekebishe mlalo wa kioo alichonacho. Anayesafiri kila wiki aongeze kipande cha kubana juu ya kioo, akipime kwa nyuzi, na akitumie mwezi mzima kabla ya kufikiria kingine. Kioo cha dola 150 kiwe cha mwenye pikipiki kubwa na safari ndefu, ambaye tayari ana helmeti inayomkaa sawasawa, na hata yeye amwombe muuzaji kwa maandishi ruhusa ya kukirudisha kabla hajakitoboa.